Chuma Alichojenga Mdogo Wako Uani

Nyumba ya kona, nyuma ya ghala la mbao,
S.L.P. 318.
Jumapili, tarehe 8 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza ni ya heshima na hii ni ya kukubembeleza. Najua una hasira na sisi. Goti lako linaendeleaje? Yule daktari aliyekukataza ngazi, umemsikia au umemjibu? Mimi nakujua. Na miwani mipya je, imekukaa, au bado unaisukuma kwa kidole kila ukisoma mstari mmoja? Niandikie yote, hata yale unayoyaona madogo.

Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu ni uleule, pasi ni ileile, blanketi za nyumba ya wageni ndizo hizohizo, na wageni wenyewe bado wanalala na viatu, sijui ni nani aliyewafundisha. Watoto wote wawili wamepiga simu wiki hii, kila mmoja akimshitaki mwenzake, kwa hiyo wako salama.

Sasa nije kwenye lawama yako. Umesema tangu mwezi wa tatu mdogo wako hakupigii, na ukipiga wewe anakujibu kwamba hatujambo kisha ananisukumia mimi simu. Umeniuliza kama umemkosea. Hujamkosea, wifi. Hakuna mgonjwa, na wala mimi na yeye hatukuwa na ugomvi, angalau mpaka Alhamisi iliyopita. Kwenye simu sikuweza kukueleza kwa sababu nyumba yetu unaijua, mtu akipiga chafya jikoni wa chumbani anamwombea afya. Ndiyo maana nimekaa na kalamu wakati yeye ametoka. Vuta kiti, maana habari yenyewe ni ndefu.

Unajua kazi yake pale idara ya maji, lakini sidhani kama amewahi kukueleza vizuri yale mashimo anayoshuka. Kila njia kubwa ina chumba chini ya ardhi, kina cha watu wawili hata watatu, na humo ndimo yalimo mavalvu, zile koki kubwa za kufungia maji. Mtu anafunua kifuniko, anashuka kwa ngazi ya chuma ya ukutani, anafanya kazi yake gizani na tochi kichwani. Wengine wana kazi za juu. Mdogo wako ni mtu wa chini, miaka ishirini na sita sasa, na ndiyo maana kazini wanamwita Mzee Koki. Nusu ya mji ikikosa maji, ndiye anayetafutwa.

Mwezi wa pili mwenzao mmoja alizidiwa na hewa mbaya humo shimoni, akaishiwa nguvu mikononi, akashindwa kupanda. Walihangaika sana kumtoa. Alipona, tunashukuru, lakini ofisi ikashtuka ikatunga sheria: anayetaka kushuka lazima aning'inie kwenye chuma, ajivute mpaka kidevu kipite juu ya chuma, mara tatu, bila kugusa chini. Mzee au kijana ni mamoja. Wakapimwa mwezi wa tatu. Vijana walivuta huku wanacheka. Mdogo wako, mwenye miaka hamsini na miwili na kilo tisini zake, aling'inia tu. Hata kiwiko hakikukunjika. Mpimaji, mama mmoja mpole, akawapa walioshindwa miezi mitatu. Atakayeshindwa tena Ijumaa hii inayokuja, tarehe kumi na tatu, hatashuka shimoni maisha yake. Atakaa stoo kugawa spana.

Sasa umeelewa kwa nini hakupigii. Wewe ndiye uliyemlea tangu mama yenu alipofariki, na ndiye unayewatangazia watu wote kwamba mdogo wako anaunywesha mji mzima. Aanzie wapi kukwambia kwamba ameshindwa kuunyanyua mwili wake mwenyewe? Ameona bora umdhanie ana kiburi.

Na usifikiri mimi alinieleza. Jumamosi moja nilimwona anaingia na mabomba ya chuma begani, mawili marefu ya nguzo, moja fupi la kukatiza juu, na mfuko wa vikorokoro vya kuungia. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya kuanikia blanketi zangu, kamba zimechoka. Wifi, nilimshukuru mpaka nikaona haya. Nilimkaangia mayai matatu, mtu anayejua fika kwamba ananidanganya, na akayala yote.

Kujenga chuma cha kujivuta ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu wa kawaida. Unasimamisha nguzo mbili, unalaza chuma juu yake, umemaliza. Mdogo wako si mtu wa kawaida, ni fundi bomba. Alibana kila bomba kwenye jiliwa akalikata meno ya kuungia, kila kiungo akakizungushia tepu ya kuzuia maji, akakaza kwa spana mbili huku ametoa ulimi. Halafu, Mungu shahidi yangu, akaziba upande mmoja, upande wa pili akachomeka mpira wa maji, akafungulia. Alikuwa anapima kama linavuja.

Nikamuuliza, baba watoto, hizo blanketi zitaanikwa au zitaogeshwa humo? Akanijibu bila hata kutabasamu kwamba kiungo kinachovuja ni kiungo kilicholegea. Na kweli akakuta kimoja kinadondosha tone moja la maji kila baada ya muda, akakikaza tena, akaridhika. Akaziba na ule upande wa pili, akachimbia nguzo kwenye zege lenye kina cha mkono wangu mpaka begani. Maji akayasahau humohumo ndani.

Zege lilipokauka nikatundika blanketi nne. Aliporudi kazini akazitoa. Kesho yake nikatundika, akazitoa tena, akasema uzito unapinda chuma. Hapo ndipo nikajua kuna neno. Wiki hiyohiyo mke wa mwenzake akaniletea suruali za kupiga pasi, akaanza kunipa pole, mimi namwangalia tu, pole ya nini? Akanimwagia mtama wote. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sikumwambia mdogo wako kwamba najua. Nilirudisha blanketi zangu kwenye kamba, nikanyamaza, na yeye akaona nimerudisha, akanyamaza. Tukawa tunajua wote wawili bila kuambiana. Ndoa zina lugha zake.

Akaanza. Kila alfajiri kabla ya kazi, na kila jioni akirudi, anatoka uani na fulana. Anarukia chuma, anang'inia, anakunja uso, miguu inapiga teke hewani, kisha anashuka anazunguka karo kana kwamba alikwenda kuangalia kitu kingine. Wiki tatu hivyo. Mimi niko kwenye pasi, nimempa mgongo, lakini dirisha la kioo lipo mbele yangu.

Nisikufiche na kisa hiki, ingawa akijua nimekuandikia ataninunia. Katikati ya lile bomba la juu alikuwa ameweka kile kiungo kinachofunguka kwa spana, wao wanakiita yunioni. Nilipomuuliza kina kazi gani, alisema bomba lisilofunguka ni kesi ya kesho, litatengenezwaje likiharibika? Sasa jioni moja ameng'ang'ania, anajivuta kwa kujipinda, leo mkono huu kesho ule, na siku zote hizo kumbe kiungo kinafunguka kidogo kidogo. Chuma kikaachana katikati. Mdogo wako alitua chali ndani ya karai langu kubwa lenye povu, na yale maji aliyoyafungia mwezi mzima yakammwagikia kifuani.

Nilitoka mbio nikidhani kavunjika. Alikuwa anaangalia yale mabomba mawili juu, maji yanamdondokea, akasema taratibu kwamba hata hivyo hayakuvuja. Nilicheka wifi, nikakaa chini kabisa. Na yeye akacheka, ndani ya karai. Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu sheria ile itoke, nikamsaidia kuinuka, na hakuna aliyeuliza alikuwa anafanya nini juu ya chuma cha blanketi.

Ikabidi amwite jirani yetu, mchomeleaji wa mageti, aje akizibe kile kiungo kwa moto. Lilimuuma hilo. Fundi bomba kuchomelewa bomba lake ni sawa na mimi kupelekewa nguo zangu kwa dobi mwingine. Jirani akachomelea, akaacha nundu katikati na makwaruzo, na bomba lenyewe ni laini, linateleza kwa jasho. Kwa hiyo nikachana shuka kuukuu vipande vyembamba, nikakizungushia chuma chote kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikafunga na uzi. Aliporudi akashika, akaniambia ahsante.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniondolea usingizi, na hili sijamwambia mtu.

Siku moja mwezi wa nne, saa nne asubuhi, yeye yuko kazini, nimemaliza kukamua blanketi kumi na moja kwa mikono na mgongo unawaka moto. Nikakiangalia chuma. Nikasema ngoja nining'inie kidogo mgongo ujinyooshe. Nikapanda juu ya ndoo, nikashika, nikaachia miguu. Raha niliyoisikia, wifi, mifupa yote ilikaa mahali pake. Halafu sijui ni shetani gani akaniambia nijivute. Nikajivuta. Kidevu kikapita juu ya chuma, nikajikuta natazama uani kwa jirani, mkewe anachambua mboga.

Nilishuka haraka, nikaingia ndani nikafunga mlango. Nikajiambia nimekosea, nimeruka. Nikatoka tena. Nikavuta mara mbili.

Usishangae sana. Mimi nina kilo hamsini na mbili na yeye ana tisini, na miaka ishirini na mbili nimekamua blanketi zilizolowa. Kamua moja tu uone mgongo unavyofanya kazi. Lakini siku ile sikufikiria hayo. Nilifurahi, wifi. Mimi mwanamke ambaye tangu shule sijawahi kushinda kitu chochote, hata kukimbia na yai kwenye kijiko. Halafu hapohapo nikaogopa. Mume wangu anahangaika na chuma hiki alfajiri na jioni kwa ajili ya kazi yake na jina lake, hajavuta hata nusu, na mimi nimekivuta katikati ya kufua.

Ningeacha hapo ningekuwa na akili. Sikuacha. Kila saa nne, blanketi zikiwa kwenye kamba, nilitoka. Ikawa tatu, ikawa nne, mwezi wa tano ikawa tano. Nilikuwa naisubiri ile saa nne kuliko chai. Na nilipokuwa najivuta nilijua hasa mdogo wako anakosea wapi: anavuta kwa mikono. Haivutwi kwa mikono. Inavutwa kutoka mgongoni, viwiko vinashuka kuelekea mbavuni, vilevile unavyokamua.

Nikaanza kumfundisha kwa uongo. Nilimwambia nimesikia redioni bingwa mmoja akisema viwiko vishuke mbavuni. Akaniuliza redio gani. Nikasema ile ya asubuhi. Akasema asubuhi redio yetu haina betri. Nikasema ni ya jirani. Lakini alijaribu, na kidevu kikapanda. Mwisho wa mwezi wa tano akavuta moja. Alikuja jikoni kunisimamia tu mlangoni, anahema, uso unang'aa, nikajifanya naulizia chumvi iko wapi ili nisilie. Wiki iliyofuata akavuta mbili. Ya tatu inagoma.

Sasa Alhamisi iliyopita. Amerudi mapema, mimi nakunja shuka. Nikamwona anakikagua chuma kwa vidole, sentimita kwa sentimita, namna wanavyokagua bomba kuukuu kutafuta palipolika. Macho ya fundi bomba ni hayo, anaangalia kilicholiwa na kusugua. Akaniita. Vile vitambaa vilikuwa vimechakaa pale pembeni anaposhika yeye, mikono imeachana sana. Na vilikuwa vimechakaa pia hapa katikati, mahali pawili, pembamba, karibukaribu.

"Mimi sishiki hapa," akasema.

Nikamwambia ni blanketi.

"Blanketi halina vidole."

Hakupandisha sauti. Akaingia ndani. Tangu Alhamisi hiyo hajakigusa chuma, wifi, si alfajiri si jioni, na mtihani ni Ijumaa hii. Anakula, anasema ahsante, analala ameangalia ukuta. Jana nilimtengea chai akanishukuru kama anamshukuru mhudumu. Sikuwahi kuogopa kwamba atashindwa. Watu hushindwa, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niliogopa ajue kwamba mimi naweza. Na sasa amejua, na kwa siri yangu nimemvunja moyo siku nane kabla ya siku yake. Ningemwambia mwenyewe tangu mwezi wa nne, labda tungecheka kama siku ile ya karai.

Wewe uliyemlea, niambie, mtu huyu akinyamaza hivi anatolewaje? Niombe msamaha? Kwa kosa gani, la kuwa na mgongo? Nina hasira naye na ninamhurumia, vyote viwili, na sijui nianze na kipi. Najua barua hii haitakufikia kabla ya Ijumaa. Naandika tu ili nisipasuke. Nasikia geti, naificha chini ya kitambaa cha kupigia pasi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Wifi, naendelea. Nimesoma ya juu, sijafuta hata neno.

Jumatatu jioni alirudi kazini, hakuvua hata buti. Alipindua karai akalikalia, pale pale uani, akaniambia neno moja, nipande. Nikajifanya sijaelewa, nipande wapi? Akasema napajua. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikapanda juu ya ndoo, nikashika pale palipochakaa. Nikafumba macho nikavuta. Nilivuta mara sita, sijawahi kufika hapo kabla, nafikiri ni woga.

Niliposhuka sikuthubutu kumwangalia. Akasimama, akazunguka nyuma yangu, akaniambia nivute tena moja, polepole, aone mgongo unaanzia wapi. Basi hilo tu. Hakuna karipio, hakuna kununa. Fundi akiona mwenzake anajua kitu, anauliza. Mimi mpumbavu niliyesahau kwamba mume wangu, kabla ya kuwa mtu wa kiburi, ni fundi.

Siku tatu hizo nilimfundisha bila redio. Nilikuwa naweka kiganja changu katikati ya mabega yake, namwambia vuta kutoka hapa, unisukume mkono. Jirani mchomeleaji alichungulia, akaondoka zake kwa adabu. Jumatano, ile ya tatu ikafika kwenye midomo. Alhamisi nikamkataza, apumzike, akanisikia. Andika hiyo mahali, mdogo wako amenisikia.

Jana Ijumaa sikwenda naye. Nilipiga pasi foronya moja mara tatu, na ya nne nikaiunguza, nitaeleza nini kwa nyumba ya wageni sijui. Alirudi saa kumi. Nilimwangalia usoni sikusoma kitu. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaweka kofia ya kazi mapajani.

"Mbili," akasema. "Ya tatu imefika puani. Nimeshindwa, mke wangu."

Miaka ishirini na nne ya ndoa, sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akanieleza. Yule mama mpimaji alimwambia apumzike kidogo ajaribu tena, wengine wawili walipewa nafasi hiyo wakafaulu. Yeye akakataa. Alimwambia kule chini hakuna kupumzika kwanza, na kwamba akikwama yeye na kilo zake tisini, kuna kijana wa watu atashuka kumfuata. Kisha mdogo wako akaomba jambo moja. Kila anayeshuka shimoni sasa anafungwa kamba, na juu lazima asimame mtu wa kuishika, anayejua chini kukoje na mwenye mgongo wa kumpandisha aliyezidiwa. Aliomba awe yeye. Wakamfungia mzito kuliko wote kwenye kamba, akampandisha taratibu, bila kuyumba, viwiko vikishuka mbavuni. Jumatatu anaanza. Mashimo hatashuka tena, wifi, na hilo limemuuma. Usiku wa jana nilimwona kaishika tochi yake ya kichwani anaifuta vumbi. Lakini hakuna atakayeshuka bila yeye kusimama juu.

Nililia, na yeye akalia, chakula kikapoa. Halafu akaniambia kwamba Jumapili ile alikuwa anatafuta kifungo cha shati chini ya kitambaa cha pasi, akaiona barua hii, akaisoma yote akiwa amesimama. Nilitaka ardhi inimeze. Akasema niimalize, nisiongeze wala nisipunguze, na nisimfiche kwako. Kwa hiyo umepata yote, na karai, na maji.

Nisalimie mumeo, mwambie deni la wimbo alioahidi kuniimbia nalikumbuka. Nisalimie binti yako mwalimu na yule wa mwisho mwenye mashavu, na binamu yenu mshonaji, mwambie gauni linanikaa ila mabega sasa yamebana kidogo. Mungu akupe goti jepesi na usingizi mzito, akuweke mpaka tukae tena mimi na wewe mlango mmoja, tukiwasema wanaume zetu kwa raha.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na leo sina siri hata moja.

Nimemwachia mdogo wako nafasi hapa chini. Kama ataandika ama atapaacha patupu, shauri yake.

Dada, shikamoo. Ni mimi. Nisamehe kwa kimya changu. Niliona haya kukwambia nimeshindwa, sasa nimekwambia na bado niko hai. Wiki ijayo, barua ikishafika, nitakupigia, naomba usilie ukipokea. Nimeisoma barua yote, na ni kweli, hata ile ya maji. Ila amekosea mahali pamoja. Jumatatu hakuvuta sita. Alivuta saba. Yeye alikuwa amefumba macho, mimi nilikuwa nahesabu.